Kufungua tena kambi ya klabu wakati wa janga: anza na chumba cha kulala

Machi 2020 Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilisimama kwa sababu ya UVIKO-19 (korona), vijana wakafungasha mabegi na kambi zikapigwa kufuli. Kenya nako kambi za wanariadha za Iten na Kaptagat zilifungwa, wakimbiaji wakabaki kukimbia mmoja mmoja. Juni ligi ya Bara ilirudi, na kila klabu yenye hosteli ikakutana na swali lile lile: hawa vijana 20 au 30 tunawalazaje?

Jibu la haraka lilikuwa ndoo ya maji getini, sabuni pembeni, na mlinzi aliyepewa kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Si vibaya, viwepo. Lakini UVIKO-19, kama mafua makali na kifua kikuu, husafiri zaidi kwenye hewa tunayopumua. Getini mchezaji anapita dakika moja. Chumbani analala saa nane, madirisha yamefungwa kwa hofu ya mbu, na wenzake saba wanavuta hewa ile ile. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kitandani, na mengine yote yanafuata. Kama klabu yako ina fedha ya jambo moja tu, itumie chumbani.

Kuna mifano miwili kutoka Marekani ambayo kila meneja wa kambi anapaswa kuijua. Juni 2020, katika jimbo la Georgia, ilifunguliwa kambi ya vijana ya kulala huko huko. Kila aliyefika alileta cheti kuonyesha kwamba alipimwa ndani ya siku 12 na hakuwa na virusi. Wafanyakazi walivaa barakoa, watoto hawakulazimishwa. Madirisha na milango haikufunguliwa kuingiza hewa, kila banda lililaza watu 15 kwa wastani, na kila siku waliimba na kushangilia kwa nguvu. Kati ya wakazi 597 wa jimbo hilo waliokuwapo, majibu ya vipimo yalipatikana kwa 344, na 260 kati yao walikuwa wameambukizwa. Kiangazi hicho hicho, jimbo la Maine, kambi nne zilipokea watu 1,022 kutoka sehemu nyingi. Waliambiwa watulie nyumbani kabla ya safari, wakapimwa kabla na baada ya kufika, wakagawanywa vikundi vidogo visivyochanganyika, wakavaa barakoa, na shughuli nyingi zikafanyika nje. Walioonekana na virusi baada ya kufika walikuwa watatu. Walitengwa, na hakuna aliyemwambukiza mwenzake kambini.

Cheti kilikuwepo pote pawili. Kilichotofautiana ni namna watu walivyoishi baada ya kuingia.

Hatua ya 1: Omba ruhusa, kisha kagua jengo

Nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, au kwa ofisi ya afya ya kaunti kama uko Kenya, ukiwa na barua yenye idadi ya watu, ramani ya vyumba na jina la kituo cha afya kitakachowahudumia. Masharti ya siku za karantini na vipimo hubadilika kadiri ugonjwa unavyobadilika, kwa hiyo yachukue kwao, si kwenye ujumbe uliosambazwa kwenye simu.

Jengo lililofungwa miezi mitatu lina hatari zake hata bila janga. Maji yaliyolala kwenye tangi na mabomba huzalisha vijidudu, na vingine vinashambulia mapafu. Mwaga maji yote, sugua tangi, jaza upya, kisha fungua kila bomba na kila bafu maji yatiririke dakika kadhaa mpaka yatoke safi. Wakati yanatiririka, wewe toka nje ya chumba, usivute mvuke wake. Angalia viluwiluwi vya mbu kwenye vyoo na ndoo. Kagua mpira wa gesi jikoni, na nyaya zilizotafunwa na panya. Magodoro yatoe nje yapigwe jua siku nzima, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kikavu.

Hatua ya 2: Panga vitanda upya

Singapore ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Vibarua wageni wapatao 323,000 walikuwa wakiishi kwenye mabweni, vitanda juu ya vitanda, watu 10 hadi 20 chumba kimoja. Kufikia Desemba 2020 vipimo vilionyesha kwamba asilimia 47 yao walikuwa wameshaambukizwa. Wengi walikuwa vijana wenye nguvu, na hilo liliwaepusha vifo vingi, lakini halikuwaepusha maambukizi hata kidogo. Wachezaji wako nao ni vijana wenye nguvu, ila mpishi wako na kocha wa makipa si lazima wawe hivyo.

Chukua futi kamba uingie chumbani. Tuseme ni chumba cha mita 6 kwa 5, na vitanda ni vya upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2. Ukivielekeza kwenye kuta mbili ndefu na kuacha mita moja na nusu kati ya kitanda na kitanda, vinaingia vitatu kila upande, na katikati inabaki njia ya mita moja. Yaani chumba kinalaza sita. Kama vilikuwa vitanda vya dabodeka vya watu 12, juu pabaki wazi: weka begi, viatu, chochote, lakini asilale mtu. Shirika la Afya Duniani linataja mita moja kuwa umbali wa chini kabisa kati ya watu. Kwa watu waliolala usiku kucha, mimi nasema mita moja ni ndogo.

Kisha wapishanishe vichwa. Wa kwanza alaze kichwa ukutani, wa pili aweke miguu ukutani na kichwa kwenye njia, wa tatu kichwa ukutani tena. Safu ya upande wa pili ianze kinyume, la sivyo wale wa katikati watatazamana uso kwa uso, mita moja tu kati yao, na umbali wote uliouhangaikia utakuwa umepotea. Chora mpangilio huo kwenye karatasi na uubandike mlangoni, maana usiku wa pili mtu atageuza mto.

Viongozi wa klabu watauliza: nusu iliyobaki walale wapi? Yapo majibu. Wanaoishi karibu walale kwao na waje mazoezini, mradi wahesabiwe kama watu wa nje na wasiingie vyumbani. Shule ya bweni iliyo likizo inaweza kukodishwa. Kikosi kinaweza kuitwa kwa awamu. Jibu nisilolikubali ni kuwabana "kwa wiki mbili tu", kwa sababu wiki hizo mbili ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote, watu wakiwa ndiyo kwanza wametoka mikoa mbalimbali.

Hatua ya 3: Hewa ya usiku

Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hewa inatakiwa iingie upande mmoja na kutokea upande mwingine. Dirisha moja lililofunguliwa, mlango umefungwa, halifanyi kazi kubwa. Njia rahisi ya kujua ni kuwasha udi au ubani chumbani saa mbili usiku, mlango na madirisha yakiwa kama yatakavyokuwa watu wakilala, halafu utazame moshi. Ukiona unavutwa kuelekea dirishani na chumba kinasafishika haraka, sawa. Ukiona umening'inia katikati na baada ya muda mrefu bado unaunusa, pumzi za wachezaji zitaning'inia vivyo hivyo. Klabu yenye uwezo inunue kifaa cha kupima kabonidioksidi. Hewa ya nje ina takriban sehemu 400 na kidogo kwa milioni. Ndani, watu wakiwa wamelala, lenga isipite 800.

Pangaboi la darini linazungusha hewa iliyomo, halileti mpya. Kiyoyozi cha ukutani ni hivyo hivyo: kinaipoza hewa ile ile na kuirudisha. Feni ya kusimama inasaidia ukiiweka dirishani ikitazama nje, isukume hewa ya ndani itoke, huku mlango au dirisha la upande wa pili likiingiza mpya.

Sasa sababu za watu kufunga madirisha. Usizipuuze, maana ni za kweli, na usipozitatua yatafungwa saa nne usiku hata ukiweka faini. Ya kwanza ni mbu. Weka wavu kwenye kila dirisha na chandarua kwenye kila kitanda. Malaria haikwenda likizo kwa sababu ya janga. Ya pili ni wezi. Nondo dirishani, taa ya nje, na mlinzi anayezunguka, siyo anayekaa getini. Ya tatu ni baridi: Mbeya, Njombe, Iten na Kaptagat usiku ni mkali kweli. Nunua blanketi la pili kwa kila mtu, na asilale mtu chini ya dirisha la kuingizia upepo. Ya nne ni mvua. Kipande cha bati juu ya dirisha kwa nje kinatosha. Kagua pia yale matofali ya matundu karibu na dari, kwani mara nyingi yamezibwa na magazeti au matambara. Toa uchafu huo na ugongomee wavu mahali pake.

Fedha hii haipotei. Kenya na Tanzania zote zilikuwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na chumba chenye hewa inayopita kitawalinda wachezaji na ugonjwa huo hata janga likiisha.

Hatua ya 4: Chumba kiwe familia moja

Wanaolala pamoja wale pamoja, waoge kwa zamu yao, wakae viti vya jirani kwenye basi, na wakati wa mazoezi ya vikundi wawe kikundi kimoja. Lengo ni kwamba akiugua mmoja, ujue papo hapo ni watu watano gani wa kuwatazama, badala ya kufunga kambi nzima. Kila chumba kichague kiongozi wake, na asiwe lazima nahodha wa timu.

Chakula kiwe nje, chini ya mwembe au turubai, na kama ni ukumbini basi kwa zamu. Mpishi apakue yeye. Miko isizunguke mikono 30. Sinia la pamoja ni jambo zuri la kwetu, lakini kwa kipindi hiki kila mtu na sahani yake. Kila mtu na chupa yake ya maji yenye jina, na kile kikombe kimoja kinachoning'inia kwenye ndoo ya maji ya kunywa kiondolewe. Swala na ibada zifanyike uani, kila mtu na mkeka wake.

Usisahau chumba cha runinga. Mechi kubwa ikionyeshwa, watu wanabanana na kupiga kelele saa mbili. Machi 2020, huko Skagit katika jimbo la Washington, kwaya ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. Kati ya watu 61 waliokuwapo, 53 waliugua na wawili wakafariki. Sauti kubwa hutoa matone mengi zaidi kuliko kupumua kimya. Hamishia runinga barazani.

Hatua ya 5: Siku ya kuwasili

Waombe wachezaji watulie nyumbani kabla ya safari, siku kumi au zaidi wakiweza: wasiende harusini, wasiende vibandani kuangalia mpira. Wafike kwa makundi, mchana, chumba kimoja baada ya kingine. Kama kuna vipimo vya haraka, pima siku ya kufika na urudie baada ya siku tatu hadi tano, kwa sababu aliyeambukizwa juzi leo anaweza kuonekana hana kitu. Kwa UVIKO-19 wa mwanzo dalili zilijitokeza baada ya siku 5 au 6 kwa wastani, na zikaweza kuchelewa hadi siku 14. Kwa hiyo siku hizo za kwanza vyumba visichanganyike kabisa, hata mazoezini.

Kila mmoja azungumze faraghani na daktari au muuguzi wa timu: pumu, kisukari, shinikizo la damu, selimundu, dawa anazotumia. Taarifa hizo zibaki kwa mtaalamu, zisifike kwa kiongozi wa tawi la klabu. Mwenye hatari zaidi apewe chumba cha peke yake au ruhusa ya kukaa kwao bila kuadhibiwa. Walio chini ya miaka 18 wasipokelewe bila kibali cha mzazi au mlezi kilichoandikwa, na mzazi apewe namba ya simu itakayopokelewa.

Hatua ya 6: Wanaoingia na kutoka

Wachezaji wamefungiwa, lakini mama mpishi anapanda daladala kila siku, mfua nguo vivyo hivyo, mlinzi pia. Kama una nafasi, wape nao malazi. Kama huna, wavae barakoa nzuri wakiwa kazini, jikoni pawe wazi, na wasiingie vyumbani.

Na jambo ambalo halimo kwenye mabango: walipwe siku wakiugua. Mpishi anayelipwa kwa siku atakuja na homa yake, kwa sababu watoto wake lazima wale. Mshahara wa wiki moja wa mtu huyo ni mdogo sana ukilinganisha na gharama ya kambi iliyougua yote.

Hatua ya 7: Usafi, bila kupitiliza

Sabuni na maji ndivyo vya kwanza. Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, nje ya choo na nje ya jikoni kinatosha mahali pasipo na bomba. Vitasa, swichi na mabomba vifutwe kila siku kwa sabuni, kisha kwa maji ya klorini ya asilimia 0.1. Kama dawa yako imeandikwa asilimia 5, weka mililita 400 kwenye ndoo na ujaze maji mpaka lita 20. Kama ni asilimia 3.5, weka mililita 570. Tengeneza ya siku hiyo tu, funika isipigwe jua, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi inayochoma mapafu.

Usimpulizie mtu dawa. Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2020 kwamba kuwapulizia watu kwenye vibanda au mageti kunadhuru macho na ngozi, na hakumzuii aliyeambukizwa kuambukiza kwa pumzi yake. Kuhusu nyungu: kujifukiza hakuui virusi, na watu wawili chini ya blanketi moja wakikohoa wanapeana ugonjwa, mbali na hatari ya kuungua. Mwenye mazoea nayo asilazimishwe kuacha imani yake, lakini ndani ya kambi isifanywe kwa pamoja.

Hatua ya 8: Chumba cha mgonjwa kiwe tayari kabla ya mchezaji wa kwanza

Kiwe na dirisha linalofunguka, choo chake au ndoo yake, kitanda, maji, sahani, kipimajoto na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Chagua mtu mmoja wa kumhudumia, avae barakoa, na mgonjwa avae pia anapohudumiwa. Stoo isiyo na hewa si chumba cha mgonjwa. Kijana aliyetengwa apewe simu na chaja, na apitiwe mara nyingi mchana na usiku. Mtoto asitengwe bila mzazi wake kuarifiwa saa hiyo hiyo.

Mwenye homa apimwe malaria pia, lakini malaria ikionekana usimrudishe chumbani papo hapo. Mtu anaweza kuwa na yote mawili. Dalili za kumkimbiza hospitali ni kupumua kwa shida, maumivu ya kifua yasiyoacha, kuchanganyikiwa, au midomo kugeuka rangi. Pwani, oksijeni ikishuka chini ya 94 usisubiri asubuhi. Iten, kwenye mita 2,400 hivi, hata mtu mzima wa afya husoma chini kidogo, hivyo mpime kila mtu siku ya kwanza akiwa salama na uandike namba yake ya kawaida. Bandika ukutani namba ya simu ya dereva wa usiku, ya kituo cha afya, na ya bure ya Wizara ya Afya, ambayo kwa Tanzania ni 199.

Aliyepona asirudi uwanjani kwa kasi yake ya zamani siku ya kwanza. Aanze kwa kutembea, aongeze taratibu, na akisikia kifua kinauma au moyo unakwenda mbio bila sababu asimame aonwe na daktari.

Hatua ya 9: Mwalimu aseme mbele ya wote

Mchezaji anayeamka na koo linalowasha hafikirii virusi, anafikiria namba yake. Akikaa nje wiki mbili mwenzake atacheza, na huenda asirudi tena kwenye kikosi. Kwa hiyo ananyamaza, anameza panadol, anaingia mazoezini. Hakuna kipimajoto cha getini kitakachomnasa.

Mwalimu mkuu, yaani kocha, yeye mwenyewe na si meneja, aseme siku ya kwanza kwamba hakuna atakayepoteza namba wala posho kwa kutoa taarifa ya ugonjwa. Kisha atimize mara ya kwanza inapotokea, maana wote watakuwa wanatazama. Kama klabu haiwezi kutoa ahadi hiyo, haijawa tayari kufungua.

Hatua ya 10: Andika sasa ni lini mtafunga

Uamuzi wa kufunga ukiachwa mpaka siku ya mechi, hautafanyika. Kaeni mapema, mwalimu, daktari na viongozi, mwandike: wakiugua watu wa chumba kimoja, chumba hicho kinatengwa; ugonjwa ukionekana kwenye vyumba viwili visivyokutana, mazoezi ya pamoja yanasimama na afisa afya anaitwa; akilazwa mtu hospitalini, uongozi unakutana siku hiyo hiyo. Wote watie sahihi.

Na kufunga kusiwe kuwapakia vijana kwenye mabasi jioni hiyo hiyo. Mchezaji aliyekaa na mgonjwa akienda Kigoma au Mtwara anaubeba ugonjwa mpaka kwa bibi yake. Wabaki mpaka siku zilizotajwa na wataalamu zitimie, wakilishwa na klabu. Kwa hiyo bajeti ya kufungua kambi iwe na fungu la chakula cha siku hizo, pamoja na nauli ya kumrudisha kila mmoja kwao, likiwa limetengwa kabla geti halijafunguliwa.